Kusoma Kiarabu peke yako Kisumu: vile nilitafuta kitabu cha sarufi

Mimi nafanya kazi kwa duka la fotokopi na M-Pesa karibu na steji ya mabasi hapa Kisumu, na kama umewahi kukaa kwa duka kama hili unajua karatasi za watu zinazopita hapa, vyeti vya kuzaliwa, barua za chifu, fomu za HELB, na siku hizi mikataba ya kazi ya Uarabuni, hiyo ni mingi sana. Siku moja ya Ijumaa mama mmoja wa Manyatta akaleta mkataba wa msichana wake, karatasi nne, upande mmoja Kiingereza upande mwingine Kiarabu, msichana alikuwa anaenda Saudia kufanya usafi kwa hoteli. Alitaka kopi mbili tu. Lakini akaona kofia, nilikuwa nimetoka msikitini saa hiyo, akaniambia, "Nyathina, wewe si ulisoma madrasa? Hebu niangalilie kama hii ya Kiarabu inasema kitu moja na hii ya Kizungu."

Nikachukua karatasi. Mimi ni wa Mumias, na kwetu Kiarabu kilifika kitambo na wafanyabiashara wa kutoka pwani enzi za kina Nabongo Mumia, kwa hivyo nimekaa chuoni, yaani madrasa, tangu nikiwa mdogo, msahafu nimeukhitimu, tajwidi naijua, ukinipa sura yoyote nakusomea bila kukwama. Lakini ile karatasi haikuwa na irabu, zile alama za juu na chini ya herufi zinazokwambia usome a, i ama u. Hakuna fatha, hakuna kasra, hakuna dhamma, herufi tupu zimesimama. Nikatoa sauti mbili tatu, nikaona neno saat nikajua hapo wanaongea mambo ya saa, nikaona yawm nikajua ni siku, basi. Mama akaniangalia usoni akauliza, "Unasoma ama unakisia?"

Nikamwambia ukweli, mama, nakisia. Akakunja karatasi yake polepole akaitia kwa mfuko akaenda.

Baadaye nilikuja kujua ile swali yake ilikuwa ya maana kuliko nilivyodhani, juu sheria ya kazi ya Saudia inasema mkataba ukiandikwa kwa Kiarabu na lugha nyingine halafu zikatofautiana, kinachoshikwa ni kile cha Kiarabu. Yaani upande ule mwenye kuweka sahihi hawezi kuusoma ndio wenye nguvu. Hiyo ilinikaa. Nikaamua nitajifunza, na si Kiarabu cha kusomea tu, Kiarabu cha karatasi za leo, mikataba, magazeti, taarifa ya habari. Sina pesa ya chuo na saa zangu ni usiku baada ya kufunga duka, kwa hivyo ilikuwa lazima nitafute kitabu. Na hapo ndo safari ilianza, juu kuchagua kitabu cha sarufi si kazi ndogo, na nataka kuandika vile mimi nimepitia ili mwingine asipoteze mwaka mzima kama mimi.

Kwanza maneno yenyewe yanachanganya. Kwetu shuleni sarufi ni kila kitu, ngeli, vitenzi, upatanisho, halafu nahau ni ile misemo ya mtihani, piga maji, enda nguu. Kwa Waarabu wenyewe sarf ni elimu ya neno peke yake, vile neno linazaliwa na kugeuka umbo, na nahw ndio elimu ya maneno yakikaa pamoja kwa sentensi. Hata hiyo irabu tunayoita a e i o u, kwao i'rab ni kitu kingine, ni ule mwisho wa neno unaobadilika kulingana na kazi yake, al-waladu akiwa ndiye mtendaji, al-walada akiwa ametendwa, al-waladi akiwa mwenye kitu. Kwa hivyo ukipata kitabu kimeandikwa nahw kwa jalada na kingine sarf, hivyo ni nusu mbili za kitu kimoja, unahitaji zote. Mimi sikujua. Nilifungua cha sarf miezi miwili nikijaza majedwali ya vitenzi na sikuweza kusema nyumba ni kubwa.

Kitabu changu cha kwanza kabisa nilikipata bure kwa intaneti, ile sarufi ya William Wright, juzuu mbili. Watu wanaisifu sana na sifa zake ni za haki, imetoka kwa kazi ya Mjerumani Caspari, ikachapwa mara ya kwanza kati ya 1859 na 1862, na toleo la tatu la 1896 hadi 1898 ndilo watu wanatumia mpaka leo. Hakuna kitu kinachokosekana humo. Lakini ni kitabu cha mtu ambaye tayari anajua, anayetaka kuhakikisha jambo kwenye shairi la kale, na kila mara kinakulinganishia na Kiebrania na Kisiria, lugha ambazo mimi sina habari nazo. Kiarabu chake ni cha zamani. Nilikaa nacho wiki tatu kwa simu, nikikuza maandishi kwa vidole, na mwisho wa hizo wiki nilikuwa najua vitu vingi kuhusu Kiarabu na Kiarabu chenyewe bado.

Kisha nikaenda kwa maalim mmoja wa Kaloleni, mtu mpole sana, nikamweleza. Akatoa kabatini kijitabu chembamba cha kurasa chache, al-Ajurrumiyya, kazi ya Ibn Ajurrum wa Fes aliyefariki 1323. Wanafunzi wa Kiislamu dunia nzima wanaanza nayo mpaka leo. Inaanza kwa kukwambia kalam ni nini, kwamba ni tamko lililoungwa, lenye faida, na kila neno hapo lina uzito wake. Maalim akanisomea ukurasa mmoja na kunifafanulia kwa saa nzima na niliondoka na furaha. Lakini hapo ndo jambo lilipo, kile kijitabu kimetengenezwa kwa ajili ya maalim. Matini unaihifadhi kichwani, ufafanuzi unatoka kinywani mwa mwalimu. Ukikaa nacho peke yako usiku Kondele stima ikiwa imepotea, hakikusemeshi. Kama una mwalimu wa kukaa naye kila siku, usitafute kitabu kingine, anza na hicho. Mimi nilikuwa na maalim Jumamosi moja moja tu.

Mtu akiniuliza leo nianze na nini namrudisha hapo kwanza, utasoma na nani? Juu vitabu vyenyewe vimegawanyika hivyo. Kuna vya kusomeshwa, kuna vya kurejelea, na kuna vya kujisomesha, na cha tatu ndicho adimu. Al-Kitaab kwa mfano, ile ya Georgetown iliyotoka 1995, inatumika vyuo vikuu vingi Marekani na ni nzuri kwa Kiarabu cha leo, sura ya kwanza tu unakutana na al-umam al-muttahida, Umoja wa Mataifa, juu kuna msichana Maha ambaye babake anafanya kazi huko. Lakini sarufi imetawanywa kidogo kidogo, mazoezi mengi ni ya kufanya darasani na mwenzako, na majibu yananunuliwa kando. Upande mwingine kuna ya Karin Ryding ya 2005, kitabu cha kurejelea kwelikweli, kurasa zaidi ya mia saba, mifano imetoka kwa maandishi ya kisasa kama magazeti, ukitaka kujua neno fulani linatumikaje leo unaenda hapo na unalipata. Ila hakina zoezi hata moja. Ni kama kamusi, huwezi kuisoma toka mwanzo hadi mwisho ukitegemea kujua kuongea.

Vile vilivyonifaa ni viwili na nilivitumia pamoja. Kimoja ni zile Durus za Madina za Dkt. V. Abdur Rahim, juzuu tatu, alizoandika kwa wanafunzi wageni wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Ni Kiarabu mwanzo mwisho. Unafungua somo la kwanza unakutana na hadha baytun, hadha masjidun, picha na neno, na kila herufi imetiwa irabu yake. Kwa mtu aliyesoma chuoni huu ni mlango uliofunguliwa wazi, macho tayari yanasoma, kinachoingia ni maana tu. Hakuna maelezo marefu, sheria unaiona kwa sentensi ishirini zinazofanana mpaka kichwa kinaishika chenyewe. Upungufu wake ni kwamba msamiati ni wa maisha ya mwanafunzi pale Madina, msikiti, mudir, darasa, daftari, na mimi nataka mshahara, likizo, kifungu.

Cha pili nilikipata kwa vitabu vya mtumba barabara ya Oginga Odinga, kimechakaa jalada, New Arabic Grammar ya Haywood na Nahmad, iliyotoka mara ya kwanza 1962. Kila sura inakueleza jambo moja kwa mpangilio, inakupa maneno, halafu sentensi za kutafsiri toka Kiarabu na nyingine za kurudisha kwa Kiarabu. Kuna kijitabu chake cha majibu kinachouzwa peke yake, nilikitafuta miezi mitatu, na wacha niseme hivi, siku nilipopata yale majibu ndio siku nilianza kusoma. Kabla ya hapo nilikuwa naandika sentensi kumi usiku, nalala na makosa yangu, kesho naongeza mengine juu yake. Mwenye mwalimu anasahihishwa. Sisi wa peke yetu majibu ndio mwalimu, kwa hivyo kitabu kisicho na majibu hata kiwe kizuri namna gani, mimi sikinunui tena kama cha kwanza.

Nikiwa sasa nasimama mbele ya kitabu nisichokijua sifungui mwanzo, juu mwanzo wa kila kitabu ni mtamu. Nafungua katikati. Naangalia kama sentensi zina irabu na kama zinapunguzwa polepole, juu kitabu kikizibakisha zote mpaka mwisho utafika kwa gazeti ukwame kama mimi na ule mkataba, na kikiziondoa zote mapema hutajua kama hizo herufi tatu kaf, ta, ba ni kataba, aliandika, ama kutiba, kiliandikwa, ama kutub, vitabu, ama kattaba, alimwandikisha. Zote zinaandikwa sawasawa. Kisha nasoma sentensi tatu nijiulize kama mtu wa leo anaweza kuzisema. Kisha naangalia kama Kiarabu kimeandikwa kwa herufi za Kizungu kila mahali, hiyo kwa anayeanza alifu ni msaada, lakini kwa wewe uliyepita chuoni ni fimbo ya kutembelea na miguu yako ni mizima, itakuzoesha uvivu wa macho.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna hata kimoja cha hivi vitabu vya Kizungu kiliniambia, na ndilo nataka msomaji wa Kiswahili alijue kabla hajatoa pesa. Vimeandikwa kwa mtu anayefikiria kwa Kiingereza. Vinatumia kurasa nyingi kumshika mkono Mwingereza kwenye mambo ambayo wewe umezaliwa nayo, halafu vinapita mbio pale ambapo wewe ndo ungetaka wakae. Ukishajua hilo unasoma tofauti kabisa, unaruka pale, unakaa hapa.

Chukua kitenzi. Kuna sura nzima ya kumzoesha mtu kwamba neno moja linaweza kubeba mtendaji na mtendwa, ra'aytuka, na wanalipasua vipande kama kitu cha ajabu. Ni nilikuona. Tu ni ni, ka ni ku, wao wanaweka mwishoni sisi tunaweka mbele, imeisha. Ama zile awzan, maumbo ya kitenzi ambayo vitabu vinayapa namba za Kirumi toka moja hadi kumi na kila mtu analia nayo. Mimi niliyahifadhi kama namba tu na yalikuwa yananitoka kila asubuhi. Mpaka usiku mmoja nikakumbuka darasa la sita, mwalimu wa Kiswahili akitunyambulisha vitenzi ubaoni, piga, pigia, pigana, pigisha, pigika. Nikachukua daftari nikaanza upya. Kasara ni vunja, kassara ni vunjavunja, inkasara ni vunjika. Alima ni jua, allama ni fundisha, ta'allama ni jifunza. Kataba ni andika, takataba ni andikiana. Jalasa ni kaa, ajlasa ni kalisha. Na ile ya kumi, istaf'ala, ambayo mara nyingi ni ya kuomba kitu, tunaisema kila siku bila kufikiria tukisema astaghfirullah, toka ghafara, samehe, kuja istaghfara, omba msamaha. Hazilingani moja kwa moja kila mara, usije ukadhani ni hesabu, lakini kichwa cha Mswahili kinajua tayari kwamba shina moja linaweza kuzaa watoto wengi kwa kugeuzwa kidogo. Mwingereza hana hiyo, analazimika kujengewa toka chini.

Ngeli pia. Wanafunzi wengi wanachoka na wingi wa Kiarabu, ule wa kuvunjika, kitab inakuwa kutub, walad inakuwa awlad, madrasa inakuwa madaris, halafu juu yake wanaambiwa wingi wa vitu visivyo watu unapatanishwa kama mwanamke mmoja, al-kutubu jadidatun, vitabu ni vipya. Nilipolisoma hilo sikushangaa hata kidogo. Hiyo ni ngeli. Kama KI-VI inavyotaka vi, basi wingi wa vitu kwa Kiarabu unataka ta ya kike. Niliandika hivyo pembeni na nikaendelea.

Lakini pale palipohitaji nikae, kitabu kilipita haraka. Mfano al, ile inayofanya kazi kama the ya Kiingereza. Al-baytu al-kabiru ni nyumba kubwa, al-baytu kabirun ni nyumba ni kubwa. Tofauti yote iko kwa hiyo al ya pili na tanwini, ile n ya mwisho wa neno, hakuna ni, hakuna kitenzi. Sisi hatuna al, hatuna kitu cha kufanana nayo, na kitabu kinadhani msomaji anayo tayari kwa lugha yake ya Kiingereza kwa hivyo hakiielezi sana. Hapo ndo nilipoteza muda mwingi zaidi, na idhafa vilevile, kitabu al-waladi, kitabu cha mtoto, ambapo ile cha haipo, neno la kwanza linavua al na tanwini na la pili linaingia kasra, na hiyo peke yake ndiyo inakwambia nani ana nini.

Halafu kuna mtego wa maneno tuliyoyachukua sisi. Hapo utafurahi kwanza. Utaona kitabu, katibu, maktaba, katiba, mkataba wamekaa nyumba moja ya kaf, ta, ba. Utaona hukumu, hakimu na mahakama nyumba nyingine. Hata hii makala unayoisoma ni ndugu wa kauli, zote zimetoka kwa qala, alisema, na fasihi na ufasaha ni ndugu wa fus'ha yenyewe, jina la hicho Kiarabu sanifu. Na ukijua shina ndo utaweza kutumia kamusi ya Hans Wehr, ambayo ndiyo ningekushauri ununue mara tu baada ya kitabu cha sarufi, juu imepangwa kwa mashina, ukitafuta maktaba kwenye mim hutaipata, iko kwa kaf. Lakini maneno yanahama na yakihama yanabadilika tabia. Tafadhali ukimwambia Mwarabu atasikia kama unamkaribisha, tafadhal, ingia, chukua. Rahisi, rakhis, kwake ni bei ya chini tu, si kazi nyepesi. Kufariki kwake ni kuachana. Mkataba kwake mara nyingi ni aqd, neno ambalo sisi tumeliweka kwa ndoa peke yake, na ndio maana siku ile niliangalia kichwa cha ile karatasi na sikutambua hata imeandikwa mkataba.

Na lazima niseme hili pia, kama unaenda kufanya kazi kwa nyumba ya mtu na unataka kuelewana naye, kitabu cha sarufi ya fus'ha si cha kwanza. Msichana wa yule mama, tulikuja kuongea naye baadaye kwa WhatsApp, aliniambia huko hakuna mtu anasema uridu, nataka, wanasema abgha, na hakuna anayeuliza madha, wanauliza aysh. Alijifunza hiyo kwa masikio. Fus'ha ni ya karatasi na taarifa ya habari, na hiyo ndo mimi nilitaka, lakini wewe jua unataka nini. Mimi nasikiliza Al Jazeera hapa dukani asubuhi bando ikiwa iko, na miezi ya kwanza nilikuwa nasikia majina ya nchi tu, sasa nasikia vitenzi.

Sura niliyoichelewesha kuliko zote ni ya namba. Nilidhani naijua, si sita saba tisa ishirini thelathini ni zile zile. Kumbe toka tatu mpaka kumi namba inageuza jinsia, kitu cha kiume kinachukua namba yenye umbo la kike, thalathatu kutubin, na cha kike kinachukua ya kiume, thalathu banatin. Ukivuka kumi, toka kumi na moja mpaka tisini na tisa, kinachohesabiwa kinarudi kuwa kimoja na kuchukua fatha mbili, thalathuna yawman, siku thelathini lakini wamesema siku moja. Na kuna kitu kidogo kilinipendeza, thalathuna ikiingiliwa na neno la kuivuta inakuwa thalathina, na sisi tulichukua hiyo ya in, thelathini, arubaini, hamsini.

Mwezi wa pili mwaka huu yule mama akarudi. Msichana alikuwa anakaribia kumaliza miaka miwili, akawa amemtumia picha za mkataba mwingine, huu ulikuwa Kiarabu kitupu, wa kampuni iliyochukua kazi pale hoteli. Mama alisema msichana anataka kurudi nyumbani ikiisha, hataki kuongeza. Nikazitoa kwa printa. Irabu hakuna, kama kawaida. Nikaanza juu, al-tarafu al-awwalu, upande wa kwanza, al-tarafu al-thani, upande wa pili. Ratib shahri, mshahara wa mwezi, na huko kwa shahr ndiko mshahara wetu ulikotoka. Ijaza, likizo, siku ishirini na moja, wahidun wa ishruna yawman, wao wanatanguliza moja. Nilikuwa naenda polepole na kidole na mama amekaa kwa ile stuli ya wateja kimya kabisa.

Kifungu cha mwisho kikanisimamisha. Kulikuwa na aqd, kabla yake kitenzi cha ya, ta, jim, dal, dal. Jadid ni mpya. Jaddada ni kufanya upya. Na ikiingia ta mbele, kama vile allama inakuwa ta'allama, fundisha kuja jifunza, basi yatajaddadu ni kujifanya upya. Mkataba unajifanya upya. Neno lililofuata sikulijua, nikafungua Hans Wehr kwa lam, qaf, ya, tilqa'iyyan, wenyewe, bila kuulizwa. Halafu kukaja ma lam na kitenzi cha kha, ta nzito, ra, na hapo moyo ulinipiga juu niliona hatari. Khatar. Ningekuwa bado ni yule wa Ijumaa ile ningemwambia mama kuna hatari hapa, na angelia bure. Nikaenda kwa shina kwenye kamusi, nikashuka namba za Kirumi mpaka ya nne, akhtara, kumpa mtu taarifa. Ma lam yukhtir ahadu al-tarafayni al-akhara, isipokuwa mmoja wa pande hizo mbili amwarifu mwenzake, na hiyo ayni ya mwisho ni ule uwili, wawili tu, si zaidi. Qabla thalathina yawman min nihayatihi. Kabla ya siku thelathini toka mwisho wake.

Nikamwambia, mama, huu mkataba ukifika mwisho unaendelea wenyewe. Kama hataki ni lazima awaandikie, na awaandikie kabla hazijabaki siku thelathini.

Akaniuliza tena, sauti ile ile, "Unasoma ama unakisia?"

"Nasoma, mama."

Akaomba kalamu. Tukageukia kalenda ya ukutani tukaanza kuhesabu toka siku ile hadi tarehe iliyoandikwa kwa karatasi, yeye kwa vidole na mimi kwa kalamu. Zilikuwa zimebaki thelathini na sita.